Handa Hajui

Jalada limegandishwa kwa selotepu mara mbili, na ukurasa wa tembo una doa la chai. Kila Jumamosi jioni, akishaoga na kupakwa mafuta, binti wa kaka yangu, mwenye miaka minne, hukitoa kitabu hicho chini ya mto wa kochi, akaja kukiweka mapajani mwangu. "Shangazi, Handa." Basi tunahamia kwenye mkeka karibu na mlango, penye mwanga, tunaanza.

Kitabu ni Handa's Surprise cha Mwingereza Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994. Handa ni mtoto wa Kijaluo, kusini magharibi mwa Kenya. Anapanga matunda 7 ndani ya kikapu, anajitwika kichwani, anashika njia kwenda kijiji cha pili kumpelekea rafiki yake Akeyo. Njia nzima anajiuliza moyoni ni tunda gani Akeyo atalipenda zaidi. Huku nyuma, wanyama wanachomoa tunda moja moja: tumbili ndizi, mbuni pera, punda milia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, kasuku pasheni. Kikapu kinabaki kitupu na mwenyewe hana habari. Mwishoni kabisa mbuzi aliyekuwa amefungwa anachomoka mbio, anaupiga kikumbo mchenza, machenza yanamwagika kikapuni. Akeyo anafurahi kwa sababu machenza ndiyo matunda anayoyapenda kuliko yote, na Handa anabaki ameduwaa.

Katika maneno ya kitabu hutaukuta ule wizi. Maneno yamemfuata Handa na mawazo yake tu. Wizi uko kwenye picha, na asiyetazama picha anasoma hadithi nyingine kabisa.

Mimi mwenyewe, miezi ya mwanzo, nilikuwa naisoma hiyo hadithi nyingine. Maneno ya kitabu ni ya Kiingereza, nami nilimsomea kwa Kiswahili, na katika kila ukurasa nikasimama kuuliza. Hili tunda gani? Embe. Rangi gani? Nyekundu. Yamebaki mangapi? Hesabu. Na huyu anaitwa nani? Tembo. Haya, vizuri sana. Majibu yote alikuwa nayo, na mimi nikafurahi kwamba mtoto anajua. Baada ya wiki kadhaa sauti yake ikaanza kushuka. Akawa anajibu huku anachokonoa uzi wa mkeka. Halafu akaanza kufunua kurasa mbili mbili ili tufike haraka kwa mbuzi. Nikadhani kitabu kimemchosha.

Jumamosi moja nilikuwa na mafua, koo limekauka. Nilifungua ukurasa wa tumbili nikanyamaza kidogo nimeze mate. Akaweka kidole juu ya kichwa cha Handa.

"Hajui," akasema.

"Nani hajui?"

"Handa. Nyani anachukua ndizi, yeye hajui." Akakaa kimya, kisha akanitazama. "Mimi najua."

"Umejuaje?"

"Mimi naona. Yeye anatazama huku."

Sikuwa nimepanga kumfundisha jambo hilo, na wala nisingelipata kwa kumuuliza rangi ya ndizi. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walieleza jaribio lao ambalo limekuwa mashuhuri. Mtoto anasimuliwa habari za Maxi aliyeweka chokoleti yake kabatini akatoka kwenda kucheza, na asipokuwepo, mama yake akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Wadogo sana husema ataitafuta pale ilipo sasa, kwa kuwa wao wanapajua. Kuanzia karibu miaka minne ndipo mtoto huanza kutambua kwamba mtu mwingine anaweza kuwa na picha yake kichwani, tena picha isiyo sahihi. Huyu wangu alikuwa amefika hapo, ameliona hilo kwa macho yake na kulisema kwa maneno matatu manne, na mimi nilikuwa namhesabisha matunda.

Tangu jioni ile nimekuwa nikisikiliza kwa makini namna sisi wakubwa tunavyowauliza watoto maswali kitabu kikiwa wazi. Pita nje ya darasa la awali lolote lenye watoto hamsini au sitini. Mwalimu ameinua kitabu juu ili wote wakione. "Sungura akaingia kwenye shi...?" Darasa zima: "...mo!" "Ndani akamkuta si...?" "...mba!" Simlaumu mwalimu. Ukiwa peke yako na watoto sitini na nakala moja ya kitabu, kiitikio ndicho kinachowashika wote pamoja, na kina raha yake. Ila tujiulize, ili kusema "mo" mtoto amelazimika kufikiri nini? Hata aliyesinzia atafikisha silabi hiyo kwa kumfuatisha jirani.

Halafu tuna urithi wetu wa vitendawili, ambao naupenda kwa dhati. "Kitendawili!" "Tega!" Wakishindwa wanampa mtegaji mji, anapokea, ndipo anafichua jibu. Ni mchezo wa akili safi kabisa. Lakini angalia ulivyopangwa: jibu ni moja, liko mfukoni mwa anayeuliza, na asiyelijua anatozwa. Mchezo huo tumeuhamishia kwenye kitabu cha picha, na huko haukai vizuri. Tumewazoesha watoto kwamba mkubwa akiuliza basi analo jibu tayari, na kazi ya mdogo ni kulifuma. Mtoto aliyelelewa kwa adabu hiyo akiulizwa jambo, kwanza anausoma uso wako: je, huyu ananipima, au kweli anataka kujua? Akiona anapimwa atasema neno moja la salama, au atanyamaza. Naamini hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Swali zuri kwa mtoto ni lile ambalo wewe mwenyewe hujui atakujibu nini, na uko tayari kukaa umsikilize.

Kuna neno moja linalotuponza, nalo ni "kwa nini". Fuatilia siku moja mtoto mdogo analisikia wapi. Kwa nini umemwaga uji? Kwa nini umevua viatu? Kwa nini humwamkii babu? Hayo yana umbo la swali, lakini ni karipio, na mtoto anajua linajibiwa kwa kuinamisha kichwa. Jioni tunafungua kitabu tunamuuliza, "Kwa nini mbuni amechukua pera?" kisha tunashangaa akiinamisha kichwa. Nililifanya kosa hilo mara nyingi kabla sijaligundua. Siku hizi nasema "Imekuwaje?", au "Unamwonaje huyu?", au "Ingekuwa wewe ungefanyaje?" Kile kiambishi cha mwisho, -je, ni mali kubwa tuliyonayo katika Kiswahili, maana hakijibiki kwa ndiyo wala kwa hapana. Nilipomuuliza, "Mbuni amewezaje kuchukua bila kusikika?" alifikiri akaniambia mbuni ana shingo ndefu na Handa hana macho ya nyuma.

Alifikiri, nimesema, na kufikiri kunataka muda. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alirekodi madarasa na kupima walimu wanasubiri kwa muda gani wakishauliza. Kwa wastani ilikuwa kama sekunde 1, kisha mwalimu anarudia swali, au anamtaja mwingine, au anajibu mwenyewe. Waliposhauriwa wasubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakarefuka, wasioinua mkono kwa kawaida wakaanza kusema, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Sekunde 3 ukizisema ni fupi. Zijaribu ukiwa na mtoto mdomo wazi mbele yako, chungu kiko jikoni, na jibu unalijua. Mimi huhesabu pumzi zangu tatu. Mara nyingi kwenye pumzi ya pili naona macho yake yamerudi kwenye picha, yanatafuta, na hapo najua nisiguse kitu.

Akishasema, unafanya nini na maneno yake? Hapa ndipo lugha inapokua, nami nataka nikae hapa kidogo. Tulikuwa kwenye ukurasa wa kwanza akasema, "Kikapu mkubwa." Ulimi wangu ulikuwa tayari kumkatiza: sema kikubwa. Nikajizuia, nikasema, "Eeh, kikapu kikubwa, kimejaa pomoni." Akarudia kwa sauti ya chini, pomoni, akacheka, neno limempendeza. Siku ya tatu yake mama yake alinipigia simu kuuliza nani amemfundisha mtoto kusema ndoo imejaa pomoni. Kuhusu ngeli sikumwambia kitu. Nilichukua alichokisema nikamrudishia kikiwa sahihi na kikiwa kirefu zaidi kidogo, kama mtu anavyompokea mwenzake mzigo, akauweka sawa na kumtwika tena.

Neno jingine lilitoka kwenye ule wizi. Nilimuuliza, "Hivi huyu tumbili tuseme ameiba, amepokonya au amedokoa?" Kwa kweli sikujua atasema lipi. Akasema si kupokonya, kwa sababu kupokonya mtu anakuona na unakimbia. Kudokoa je? Akatabasamu. Kudokoa ni nyama kwenye sufuria kabla wageni hawajala. "Wewe uliwahi?" Akasema siku ya Idi, kipande kimoja, kilikuwa na mfupa. Hapo kitabu kilikuwa kimelala wazi kwenye mkeka hatukitazami, tukazungumza Idi, wageni na mfupa kwa dakika nzima, ndipo akarudi mwenyewe: "Nyani amedokoa." Ukiwa na haraka ya kumaliza kurasa utaona muda umepotea bure. Mimi naona dakika ile ndiyo iliyokuwa usomaji wenyewe, maana mtoto alipima maneno matatu yaliyokaribiana, akayalinganisha na maisha yake, akachagua.

Namna hii ya kusoma ina watu walioipima. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, katika chuo kikuu kilichoko Stony Brook, jimbo la New York, walichukua watoto wapatao 30, wenye umri wa kati ya miaka miwili kasoro na mitatu kasoro kidogo. Wazazi wote waliendelea kuwasomea watoto nyumbani, na pande zote mbili zilisoma kwa wingi uleule. Tofauti ni kwamba nusu yao walielekezwa namna ya kuuliza: wapunguze maswali ya ndiyo na hapana na ya kuonyesha kwa kidole, waulize yanayomtaka mtoto aeleze, kisha wayapanue maneno yake. Baada ya wiki 4 tu watoto wa upande huo walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi 8.5 katika kipimo cha kujieleza. Hao walikuwa watoto wachache, wa nyumba zenye nafasi, na mimi nisingetaka mzazi wa Mbagala au Kisauni aambiwe afuate tu kilichofanyika kwa matajiri wa Marekani.

Ndiyo maana utafiti wa magharibi mwa Kenya, huko huko kwao Handa, ndio ulionigusa. Heather Knauer na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 2020. Walifanya kazi katika vijiji vya Wajaluo, na watoto wa kuanzia miaka miwili hadi karibu saba, wakatumia vitabu vya picha vyenye mazingira ya hapohapo na lugha ya nyumbani, wakawafundisha walezi kuzungumza na mtoto juu ya picha. Walezi wengi kule hawajui kusoma, nao hawakuachwa nje. Msamiati wa watoto uliotoka kwenye vitabu hivyo uliongezeka sana. Watoto wa walezi wasiojua kusoma walifaidika sawa na wale wa walezi wanaojua, na kwenye baadhi ya vipimo hata kuwazidi. Huko Khayelitsha pia, kitongoji cha Cape Town, akina mama wa watoto wachanga wa mwaka mmoja na miezi michache walifundishwa kwa wiki 8 kukaa na mtoto wakitazama kitabu na kufuata anachokitazama yeye. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha lugha ya watoto hao na uwezo wao wa kutulia kwenye jambo moja vimeongezeka.

Mzazi anayesema "mimi sikusoma, nitamsomeaje?" nataka alishike hilo. Picha haina alfabeti.

Kuna hatari upande wa pili, nami nimeiona kwa walimu vijana waliotoka kwenye semina na ari mpya. Kila ukurasa maswali matano. Hadithi inakatwakatwa kama mchicha, na mtoto anayetaka kujua tu kama Handa atafika salama anazuiwa kila hatua. Kitabu kipya nakisoma mara ya kwanza moja kwa moja, na kama kuna swali ni lile la kukisia, tena moja: "Hapa unaona kitatokea nini?" Raha ya kutojua yanayokuja haipatikani mara ya pili, asinyang'anywe. Mara ya pili na ya tatu ndiyo zamu ya kuzungumza. Ya kumi, wala usiulize. Yeye ndiye atakayekusomea, na utasikia humo maneno yako yote ya nyuma, hata yale uliyodhani hakuyasikia.

Tena si kila kitabu kinajibu kwa namna hii. Kitabu ambacho picha yake inarudia maneno tu, maneno yanasema paka juu ya kiti na picha ni paka juu ya kiti, hakimwachii mtoto kitu cha kugundua. Ninapochagua natafuta chenye mwanya kati ya maneno na picha. Vya Kiswahili vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukihangaikia vitabu vya watoto kwa lugha yetu tangu mwaka 1991, na mkusanyo wa African Storybook ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014 una hadithi nyingi za Kiswahili zinazopatikana bure, hata kwa simu. Lakini hata kitabu cha Kiingereza kilichokuja kwenye maboksi ya msaada, ukizungumza na mtoto juu ya picha zake kwa lugha anayoiota usiku, kinakuwa chake.

Bibi yake, mama yangu mzazi, hakwenda shule. Jioni tukisoma yeye hukaa kwenye kigoda chake anachambua mboga, na mtoto akimpelekea kitabu alikuwa akisema siku zote, "Mie sijui kusoma, mama, mpelekee shangazi yako." Jumamosi iliyopita nilitoka kupokea simu nikachelewa. Niliporudi nilimkuta ameweka sinia chini, miwani puani, Handa yuko mapajani mwake kwenye ukurasa wa mbuzi, na mjukuu amemwegemea bega.

"Mbuzi huyu hakufungwa vizuri," mama alikuwa akisema. "Mimi nimefuga mbuzi. Mbuzi hang'oki hivihivi."

"Kamba imekatika, bibi."

"Imekatika, au kigingi ndicho kilichong'oka?"

Nikasubiri. Na mama akasubiri, mikono juu ya goti, hana haraka yoyote. Mtoto akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akafuata kwa kidole, akakwama. "Ngoja," akasema, akafunua ukurasa nyuma kwenda kumtafuta mbuzi kabla hajachomoka, na wote wawili wakainamia picha.

Mchicha uliiva usiku sana siku ile.